Ngozi Anayoisubiri Gidamis

Mpendwa Mama Bernadina, shikamoo.

Nimeanza kusoma ukurasa wako tangu ulipokuwa unajibu maswali ya kuku na ng'ombe tu, kabla watu hawajaanza kukuletea na mambo ya ndoa zao, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakaa na kalamu nikuandikie mimi, maana hapa kijijini mimi ndiye ambaye wenzangu humwendea wakiwa na shida. Lakini sasa nina jambo ambalo nikimweleza mtu yeyote wa hapa litakuwa limeshafika sokoni kabla sijamaliza kulieleza, na nikilinyamazia linanila ndani, kwa hiyo naomba msaada wako, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka thelathini na tisa, tunalima mahindi na alizeti huku upande wa Mbulu na tuna mifugo kidogo. Ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji kwa mwaka wa sita sasa, na kitalu cha miche unachokiona ukipita barabara ya kwenda Haydom, kile chenye kivuli cha matete, ni cha kikundi chetu cha akina mama na mimi ndiye niliyekianzisha. Watoto wa shule ya msingi huja kumwagilia kila Jumatano na wananiita mwalimu ingawa mimi niliishia kidato cha pili, nami huwafundisha kwa nini tusikate miti ya chemchemi, kwa nini tusichome majani, na hata tumbusi nimewafundisha, kwamba yule ndege ambaye watu wanamwona mchafu ndiye anayetusafishia kijiji. Nakueleza haya si kwa kujisifu, nataka ujue aibu yangu ina ukubwa gani.

Kuna mzee mmoja mfugaji anaitwa Gidamis, asili yake ni huko chini Masakta, lakini amekaa hapa ukingoni mwa kijiji chetu na ng'ombe wake kwa miaka tisa. Mume wangu Tomaso alipovunjika mguu akalazwa Haydom miezi miwili, Gidamis alikuja nyumbani asubuhi anaswaga ng'ombe mmoja mwenye maziwa, akamwingiza kwenye zizi letu mwenyewe, akasema watoto wasilale bila maziwa kwa sababu baba yao kalala hospitali. Tangu hapo ng'ombe wake anakaa kwetu, sisi tunakunywa maziwa na ndama ni wake, kama desturi ilivyo. Na wewe unaijua desturi hiyo kuliko mimi, kwamba mnyama uliyewekewa akifa mikononi mwako, unachuna ngozi unampelekea mwenyewe siku hiyo hiyo, anaishika, anaona kama ni ugonjwa au ni meno au ni kisu, mnazungumza, mambo yanaisha hapo.

Mwaka jana ng'ombe yule alizaa jike, akakua vizuri, na mwezi wa nane Gidamis akaja kumtia alama yake, mikato miwili sikio la kushoto na tundu sikio la kulia. Alikuwa mtamba mzuri sana, mama, mwekundu, mpole, mwanangu wa mwisho alikuwa anamlisha maganda ya viazi mkononi.

Sasa mwezi uliopita tulipata habari kwamba wageni wa wilayani watakuja kuona kitalu, na kivuli cha kitalu kilikuwa kimelala upande mmoja, nguzo zimeliwa na mchwa, Tomaso yuko Babati kwenye kazi ya ujenzi, na mimi sikutaka kukata mti ili kutengeneza kivuli cha miche ya miti, nikaona itakuwa kichekesho, basi nikang'oa nguzo za mlango wa zizi letu, zile nne imara, nikazipeleka kitaluni, na mlango wa zizi nikaufunga na miiba nikijisemea ni kwa siku mbili tatu tu. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakasifu kivuli. Kesho yake asubuhi nimekwenda kukamua nikakuta miiba imesukumwa pembeni na mtamba wa Gidamis amelala nusu, nyuma kote kumeliwa, ng'ombe mama anamnusa kichwa.

Mama, nilikaa chini pale kwenye samadi. Walikuwa ni fisi, na mwezi wa tisa walikuwa wameshakula mbuzi wangu wawili, nikatoa taarifa kama tunavyowafundisha wengine watoe taarifa, afisa wanyamapori akaja, akaandika, akaondoka, na mimi sikumlaumu maana eneo lake ni kubwa na ana pikipiki moja. Lakini asubuhi ile hasira ilinipanda ambayo sijawahi kuijua, hasira kwa fisi, na chini yake hasira kwa mimi mwenyewe, maana nilijua nikimpelekea Gidamis ngozi ataniuliza jambo moja tu, mlango ulikuwaje, na mimi nitamjibu nini, kwamba mlango niliupeleka ukapigwe picha?

Ilikuwa siku ya mnada, watu wote wamekwenda. Nilichukua dawa ya viwavi iliyobaki msimu uliopita, nikamburuta yule mtamba kwa punda hadi kwenye korongo lililo nyuma ya shamba letu, nikammwagia. Sikumchuna. Nilifanya kwa mikono hii ambayo asubuhi ya jana yake ilikuwa inawaonyesha wageni miche ya mikuyu. Jioni jirani yangu Fransiska akauliza mbona mtamba haonekani, nikamwambia mwenyewe amekuja kumchukua. Neno lile lilitoka lenyewe kama vile lilikuwa limekaa mdomoni linasubiri kuulizwa.

Siku ya pili tukaanza kuokota mizoga. Fisi watatu. Mbwa wa mzee Renatus, yule mweupe anayewajua watoto wote. Tumbusi kumi na mmoja, mama, nilihesabu mwenyewe kwa sababu mimi ndiye katibu na nilitakiwa kuandika. Jumatano ile watoto walipokuja kumwagilia, tumbusi mmoja alikuwa ameshukia katikati ya miche, amefungua mabawa, anajaribu kunyanyuka hawezi, na mtoto mmoja wa darasa la nne akaniuliza, "Mwalimu, huyu ana nini?" Nikasema amechoka. Wakamwekea maji kwenye kopo, wakakaa kumwangalia hadi akafa.

Mwenyekiti wa kamati yetu, Yohanes, alikuta ule mzoga korongoni na lile sikio likiwa limebaki, na alama ya Gidamis hapa kila mtu anaijua. Gidamis akaitwa ofisi ya kijiji. Barua ya wito niliiandika mimi kwa mwandiko wangu. Pale ofisini Fransiska, ambaye hana ubaya wowote, akasema mtamba huyu alikuwa kwa katibu lakini mwenyewe alishamchukua, na watu wote wakageuka kuniangalia, nami nikatikisa kichwa kukubali. Yohanes akamwonyesha Gidamis lile sikio akamuuliza, na Gidamis akalishika, akaligeuza, halafu akaniangalia mimi, hakumwangalia Yohanes.

"Alama ni yangu," akasema. "Ngozi bado sijaletewa."

Hajasema neno lingine juu ya jambo hilo mpaka leo, siku ya kumi na moja hii. Yohanes akaniambia niandike kwamba mtuhumiwa amekiri alama na anakwepa swali, nami nikaandika. Mzoga ukamwagiwa mafuta ya taa ukachomwa. Tarehe ishirini na saba kuna mkutano mkuu wa kijiji, na hoja iliyoletwa ni kwamba Gidamis na familia yake waondoke, kwa sababu mtu anayetega sumu leo kwa fisi kesho atatega kwa watu, na mimi tena ndiye ninayetakiwa kusoma taarifa mbele ya watu.

Nikwambie na la mwisho ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Lile korongo linashuka hadi kwenye chemchemi yetu. Tangu siku ile mvua haijanyesha ya maana, lakini mawingu yameanza kukaa juu ya Hanang, na mimi watoto wangu nimewakataza kuchota pale, nawatuma bombani shuleni, nimewaambia maji ya chemchemi siku hizi yana matope. Fransiska hupita na ndoo yake kwenda huko huko, nami namsalimia tu. Na punda wa Renatus amekufa kwa ugonjwa wake mwenyewe juzi juzi, amelala kando ya njia siku ya sita hii, ananuka kijiji kizima, na hakuna ndege hata mmoja aliyeshuka.

Tomaso hajui lolote, anarudi mwisho wa mwezi. Nikisema, nitafukuzwa kwenye kamati, kikundi kitavunjika, watoto wale wataniitaje, na nasikia kwa sumu mtu anafungwa. Nimefikiri kuandika barua isiyo na jina kwa mtendaji kwamba Gidamis hana kosa. Nimefikiri pia kwenda kuungama kwa padre na kuliacha hapo. Naomba uniambie mama, je, kimojawapo kati ya hivyo kinatosha?

Mimi Katibu, Mbulu.

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na waliosoma barua hii na sasa wanatafuta ni kijiji gani: jina la kijiji nimeliondoa na majina ya watu nimeyabadilisha yote, hata la mbwa ningelibadilisha kama lingetajwa. Acheni kutafuta. Kama mna mlango wa zizi uliofungwa kwa miiba, nendeni mkautazame huo.

Sasa wewe. Barua yako ilinifikia Jumatatu na sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia mara tatu kwenye namba uliyoandika nyuma ya bahasha, hukupokea. Najua kwa nini, umeona namba ngeni ukadhani ni ofisi. Kwa hiyo nimefanya jambo bila ruhusa yako na sikuombi radhi: nimempigia afisa mmoja wa wilaya nikamwambia kuna chemchemi ambayo huenda imeingiwa na dawa ya shamba, watu wasichote mpaka ipimwe. Jina lako sikulitaja. Hata hivyo watakapofika wataanza kuuliza ni dawa gani, ya kiasi gani, ilimwagwa wapi, na mtu mmoja tu duniani anayeweza kuwajibu ni wewe.

Nitakukemea mara moja, kwa hilo tu, halafu nitaacha. Hasira naielewa. Hofu naielewa. Hata ule uongo wa kwanza kwa Fransiska naujua ulivyotoka, mtu aliyeshtuka husema chochote. Lakini uliwaita watoto wako wanne ukawaambia wasinywe maji yale, halafu ukamwangalia Fransiska akipita na ndoo ukamsalimia. Hapo, mwanangu, hukuwa na hasira wala haraka. Ulikuwa umekaa ukafikiri. Usimalize kusoma ukurasa huu kama hujamwambia Fransiska. Weka gazeti chini, nenda, mwambie maji yasichotwe na umwambie kwa nini, kisha mtume mtu apite kitongoji kizima, na ile chupa ya dawa, kama bado iko ghalani na bila shaka iko, ichukue kama ilivyo na karatasi yake, usiioshe wala usiimwage, ukaikabidhi zahanati au kwa huyo afisa. Na kama kuna mtoto yeyote anatapika au tumbo linamsokota, asipewe dawa za kienyeji, apelekwe Haydom mara moja na chupa ionyeshwe.

Umekwenda? Haya, sasa tuongee.

Mimi kabla sijawa mwandishi nilikuwa afisa mifugo kwa miaka thelathini na moja, Mbulu na Hanang, na kuna kitu sijawahi kukiandika hapa. Nikiwa bado mgeni kazini, mfugaji mmoja alikuja analia, fisi wamemmalizia kondoo, akaniomba dawa, nami nikampa, nikamwelekeza mpaka namna ya kuitumia. Nilijiona nimemsaidia. Wiki iliyofuata nilipita kitongoji chao na sikusikia mbwa hata mmoja akibweka. Hakuna mtu aliyenishtaki, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba dawa ilitoka kwangu, na yule mfugaji alikufa na siri yangu. Nina miaka sitini na nane na kile kitongoji mpaka leo nikipita nafunga dirisha la gari. Kwa hiyo usidhani unaongea na malaika. Unaongea na mtu aliyenyamaza, na ninachoweza kukuambia ni kwamba kunyamaza hakuishi, unakula nako, unakwenda nako kanisani, unazeeka nako.

Uliuliza kama barua isiyo na jina inatosha. Haitoshi. Wewe ndiye katibu, mwandiko wako wanaujua, na hata ukimwandikisha mtu mwingine, Yohanes atasema imeandikwa na rafiki wa Gidamis, na utakuwa umemwongezea kosa. Uliuliza kuhusu kuungama. Nenda ukaungame, ni vizuri, lakini padre atakuondolea dhambi, hawezi kukupimia chemchemi wala kumrudisha Gidamis kwenye malisho yake. Hayo yamebaki kwako.

Na sasa huyo Gidamis. Umenieleza aliyoyasema pale ofisini lakini sina hakika kama umeyasikia. Mzee ameshika sikio la mtamba ambaye anajua fika hajamchukua. Amekuona ukitikisa kichwa. Angeweza kusema neno moja, "Muulizeni huyo," na shughuli yote ingeishia pale, na wewe ungekuwa unaandika barua hii ukiwa mahali pengine. Hakusema. Watu wa ofisi wamedhani anakwepa. Nimekaa na wafugaji wale, nimekunywa maziwa yao, nakwambia alichokuwa anafanya: alikuwa anakupa nafasi. Mtu uliyemwekea ng'ombe hupeleki jina lake serikalini kabla hajaja kwako mwenyewe. Alikuwa anakuambia, mbele ya watu wote na wewe peke yako ukimwelewa, kwamba bado anakungoja uje kama desturi inavyotaka. Anaweza kufukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga miaka tisa na bado anakungoja.

Nakuonea huruma, nataka ulijue hilo. Mwanamke aliyelima, akalea watoto peke yake mume akiwa kitandani, akakubali kuitwa mwalimu na kujitahidi aistahili heshima hiyo, halafu siku moja ya hasira ikamtoa kote huko. Wewe si mnafiki kama unavyojiona. Mnafiki asingehesabu tumbusi kumi na mmoja. Kosa lako lilianzia kwenye zile nguzo nne, na nguzo zile hukuzing'oa kwa ubaya, ulizing'oa kwa sababu ulitaka sana kazi yako ionekane na watu waliokuja kwa saa moja. Ng'ombe wa rafiki yako anakaa zizini kila siku, wageni hupita. Hilo ndilo la kujifunza, na ukilijifunza utakuwa katibu mzuri zaidi kuliko mwanzo, kama watakuacha.

Huenda wasikuache. Sitakudanganya. Kuua wanyama wa porini kwa sumu ni kosa kisheria na huenda ukaitwa kuhojiwa. Lakini mtu anayekwenda mwenyewe, na chupa mkononi, kabla hajatafutwa, akaonyesha mahali, akasaidia maji yapimwe, husikilizwa tofauti na yule aliyevutwa kutoka nyuma ya mlango. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na umwombe mwende wote kwa afisa wanyamapori. Jitafutie na mtu wa msaada wa kisheria, usiende bila kujua haki zako. Daftari la kamati mkabidhi mtendaji siku hiyo hiyo na ukurasa ule wa uongo usiuchane, andika chini yake ukweli, weka sahihi na tarehe. Na tarehe ishirini na saba taarifa hiyo isisomwe na mtu mwingine. Isome wewe, iwe fupi, usilie ili wakuhurumie, na usitaje fisi wa mwezi wa tisa. Mwambie Yohanes kabla ya mkutano, si haki kumwaibisha mbele ya watu kwa kosa ambalo wewe ndiye uliyemwingiza ndani yake.

Tomaso mpigie simu. Usimngojee mwisho wa mwezi akute habari kituo cha basi. Atakasirika, na sehemu kubwa ya hasira yake itakuwa kwamba rafiki ni wake pia na alikuwa na haki ya kujua. Mwache akasirike. Mwambie arudi mapema na nguzo.

Punda wa Renatus azikwe, kina kirefu, mbali na korongo lile, wekeni chokaa kama ipo, na watu wa kijiji washike majembe. Labda wakichimba kwenye harufu hiyo wataelewa wenyewe ni kazi gani tumbusi walikuwa wanaifanya bure. Mlango wa zizi ujengwe upya, nguzo na mbao, uwe mzito mpaka wewe mwenyewe ulalamike kila unapoufungua, na mbwa alale ndani na mifugo. Nimeona maboma mengi katika kazi yangu, na yale yenye mlango imara fisi walikuwa wanayazunguka na kwenda zao. Kivuli cha kitalu kinaweza kulala upande mmoja. Miche haijali.

Watoto wale wa darasa la nne nao wanakudai. Uliwaambia ndege amechoka, wakamletea maji kwenye kopo. Jumatano moja waketishe chini pale pale kwenye miche uwaambie hakuwa amechoka, na uwaambie ni nani. Najua hilo linakuogopesha kuliko mahakama. Lakini nimefundisha watu ufugaji miaka mingi na ninachokumbukwa nacho ni siku chache nilizokubali mbele yao kwamba nimekosea. Kama baadaye wataendelea kukuita mwalimu ni juu yao, na mimi nadhani wataendelea.

Hayo yote yana mpangilio wake. Maji kwanza, hilo nimeshasema. Lakini kabla ya mtendaji, kabla ya Yohanes, kabla hata ya Tomaso, kuna safari ya kwenda ukingoni mwa kijiji, na hiyo nenda kwa miguu, asubuhi, wakati ng'ombe hawajatoka. Usiende na zawadi. Usiende na mzee wa kukusemea. Kama umefikiri kumpelekea ngozi ya mnyama mwingine ili mkono usiwe mtupu, liondoe wazo hilo kichwani, atalijua kabla hujafika mlangoni. Msalimie shikamoo, kaa utakapoambiwa ukae, na umweleze mtamba wake alikufaje na mlango ulikuwaje. Akitaka kukukaripia mwache. Akitaka ng'ombe mama arudi kwake, mrudishe siku hiyo na maziwa yake, na usiulize watoto watakunywa nini.

Anasubiri ngozi na ngozi iliungua korongoni, kwa hiyo hana tena cha kuletewa ila wewe. Barua yako inasema zimepita siku kumi na moja, na leo gazeti linatoka ni siku kumi na saba, na katika siku zote hizo mzee huyo ameitwa mtega sumu kila anakopita, na jina lako halijamtoka mdomoni hata mara moja.

Wako,
Mama Bernadina